Niwasomeshe riwaya gani? Mwongozo wa kuchagua vitabu vya Kiswahili kwa Gredi ya 7 hadi 9

Kila Januari simu yangu hujaa. Mwalimu amepangiwa Likoni, mwingine Kisauni, mwingine ameletwa Changamwe kutoka bara na bado anapigana na joto, na wote swali lao ni moja: "Mwalimu, hili darasa langu niwasomeshe riwaya gani?" Huwa naanza kujibu kwa sauti, kengele inalia, jibu linakatika. Nimeamua kuliandika lote mara moja.

Ukitaka orodha ya vitabu kumi bora, hapa hutaipata. Kitabu kilichowafanya watoto wa Mji wa Kale wagombanie zamu ya kusoma kinaweza kuwalaza usingizi wenzao wa Mikindani, na kati yao ni safari ya matatu moja tu. Utakachopata ni namna ya kukipima kitabu wewe mwenyewe, mbele ya watoto wako, kabla pesa ya shule haijatoka.

Ujue pia kwamba ukiona kabati tupu si kosa lako. Gredi ya 7 ya kwanza iliingia Januari 2023, tena ndani ya shule za msingi. Stoo zilikuwa zimejaa vitabu vya watoto wa miaka minane. Hadithi za kijana wa miaka kumi na tatu, ambaye keshaanza kunyoa nywele kwa mtindo na kuangalia kioo, nyingi hazikuwapo, na shule nyingi hadi leo ndiyo kwanza zinajaza rafu hiyo.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Muundo wa mtaala wa Kiswahili wa gredi yako, na orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, ile taasisi ya kukuza mitaala. Chukua orodha ya karibuni. Ile iliyobandikwa ofisini tangu enzi za mwalimu aliyehama iache ukutani.
- Idadi ya wanafunzi uliyohesabu mwenyewe wakiwa wamekaa. Rejista ina majina ya watoto waliohamia Mtwapa zamani.
- Kiasi cha pesa kwa tarakimu. "Tutaona" ya mwalimu mkuu si bajeti.
- Kamusi moja ya maana.
- Nakala moja ya kila kitabu unachokifikiria. Moja tu. Iazime kwa mwenzako, kwenye maktaba ya umma ya Mombasa, au inunue.
- Daftari, kalamu, na wanafunzi watatu. Hao nitakueleza kazi yao katika hatua ya 5.

Hatua ya 1: Tenga kiada na ziada

Kitabu cha kiada usikivunjie kichwa. Shule ya umma huletewa na serikali, na kazi yako ni kukitumia. Kinachokuhitaji uchague ni cha ziada: riwaya, novela, mkusanyiko wa hadithi fupi, tamthilia, diwani.

Kwa kila kitabu kwenye meza yako, angalia orodha ya KICD: jina, gredi, mchapishaji. Vyote vitatu vilingane.

*Tahadhari:* Maneno "Mtaala Mpya" yaliyochapwa kwa rangi nyekundu kwenye jalada si idhini. Ni tangazo la biashara. Na usichukue riwaya teule ya Kidato cha Nne ukadhani unawatayarisha mapema. Zile huchaguliwa kwa ajili ya vijana wa miaka kumi na saba wanaoweza kujadili siasa, ukabila na ndoa zilizovunjika. Mtoto wa Gredi ya 7 atakariri majina ya wahusika na kuchukia kusoma, na akifika huko mbele atakuwa ameshakichoka kitabu.

Hatua ya 2: Sikiliza darasa lako linasema Kiswahili gani

Hapa ndipo walimu wageni wanapoteleza. Wanadhani kwa kuwa wameletwa Mombasa, watoto wote Kiswahili wanakinywa kama maji. Kukisema wanakisema kweli. Kitabuni ni mambo mengine.

Mtoto aliyelelewa na bibi yake Kuze au Kibokoni atakusomea "akashika njia" akatamka "akashika ndia". "Kichwa" kitakuwa "kitwa", "macho" yatakuwa "mato", "mchanga" utakuwa "mtanga". Hajakosea kusoma. Ameliona neno, amelielewa, akalirudisha kwao. Usimkatize kila mstari; mwachie amalize aya, kisha umuulize neno hilo limeandikwaje. (Mwaka 1928 mkutano wa kuamua Kiswahili sanifu kifuate lahaja gani ulifanyika hapa hapa Mombasa, na Kimvita kikashindwa nyumbani kwake, Kiunguja kikapita. Wanafunzi wangu hupenda sana kisa hiki. Hukichukulia kama mechi tuliyofungwa uwanja wa nyumbani.)

Mwenzake wa Changamwe au wa mtaa wa Bangladesh, ambaye wazazi wake walikuja kutafuta kazi bandarini, nyumbani anasema Kikamba au Kijaluo na nje anasema Sheng. Yeye sarufi ya sanifu huenda akaishika vizuri kumshinda yule wa Kibokoni, lakini mpe hadithi yenye dau, shubaka na ukumbi wa nyumba ya Kiswahili, uone anavyopotea.

Cha kufanya: wiki ya kwanza waandikie ubaoni mwanzo wa kisa, sentensi mbili tu, wao wamalizie kwa ukurasa mmoja. Usitie alama. Beba madaftari nyumbani uyasome kwa jicho la kutaka kujua: sentensi zao zina urefu gani, wanatumia maneno gani ya nyumbani, na wangapi hawakufika mstari wa tano. Hao wa mwisho ndio watakaoamua riwaya yako.

Hatua ya 3: Hesabu vipindi kabla ya kuhesabu kurasa

Kiswahili kina vipindi vinne kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Sarufi inataka yake, kuandika kunataka yake, kusikiliza na kuzungumza vilevile. Riwaya ukiipa kipindi kimoja kwa wiki, umeipa haki yake.

Sasa piga hesabu nami. Dakika 5 za kutulia na kugawa vitabu. Dakika 10 za mazungumzo. Zimebaki 25. Ukurasa wenye maneno 250 ukisomwa kwa sauti na mwanafunzi wa wastani, maneno 80 kwa dakika, unachukua dakika tatu na ushei. Ukisimama kueleza neno hapa na pale, umesoma kurasa 6. Kitabu cha kurasa 150 kitakula vipindi 25. Hiyo ni mihula miwili, na bado hujatoa siku za michezo, za tamasha la muziki, na ile siku mvua ya masika iligeuza uwanja kuwa bwawa wakaja watoto kumi na moja.

Kwa hivyo kitabu cha kwanza kwa Gredi ya 7 kisizidi kurasa 90 hivi. Kurasa 6 darasani na 4 nyumbani kila wiki: kwa wiki 9 umemaliza na muhula una pumzi. Gredi ya 8 unaweza kupanda hadi 120 ukiongeza kidogo kile cha nyumbani. Gredi ya 9 maliza riwaya muhula wa pili. Muhula wa tatu ni mfupi na una KJSEA, mtihani wa kumaliza Gredi ya 9, mbele yake, riwaya itaachwa katikati.

Hizo kurasa 4 za nyumbani nazo zipime. Wengi wa watoto wetu jioni wanakwenda chuoni, yaani madrasa, na Jumamosi asubuhi pia. Mwezi wa Ramadhani mimi kazi ya nyumbani ya kusoma huipunguza hadi kurasa 2, na kipindi cha riwaya nakiomba kiwe cha asubuhi. Saa nane mchana, funga tumboni na joto chini ya mabati, hata kisa cha jini hakimwamshi mtu.

Hatua ya 4: Kisome chote, peke yako, hadi ukurasa wa mwisho

Nasema chote. Mwaka mmoja nilinunua nakala 20 kwa kusoma jalada la nyuma na sura mbili za mwanzo. Kisa kilikuwa safi, lugha tamu. Wiki ya sita alikuja mama mmoja shuleni, kitabu amekifunga ndani ya leso kama kitu cha kuficha. Hakupiga kelele. Alikifungua sura ya saba, akaniwekea mbele, akasema, "Mwalimu, hebu nisomee hapa." Nilisoma mistari miwili nikanyamaza. Akakifunga tena kwenye leso, akaondoka nacho.

Tangu hapo kipimo changu ni hicho: ukurasa ambao siwezi kuusoma kwa sauti mbele ya mzazi, siwapi watoto wake. Si kwamba vitabu visiwe na uchungu. Kifo, umaskini, baba mlevi, mtoto anayenyanyaswa, hayo wanayajua na mengine wanaishi nayo. Ninachoangalia ni namna yalivyoandikwa, na kama mtoto anaachwa na mahali pa kusimama.

Ukisoma, andika daftarini:

- Mhusika mkuu ana umri gani? Kama ana miaka arubaini na shida yake ni mkopo wa benki, rudisha kitabu.
- Tukio la kwanza la kweli liko ukurasa wa ngapi? Likipita ukurasa wa 8 umewapoteza.
- Wahusika wenye majina ni wangapi katika sura ya kwanza? Zaidi ya sita ni msongamano wa feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi.
- Wasichana wanafanya nini humo ndani, au wanapika na kulia tu?
- Je, kuna dini au kabila linalochekwa? Darasa letu lina watoto wa msikitini na wa kanisani kwenye dawati moja.

Hatua ya 5: Jaribio la wasomaji watatu

Ukiruka hatua zote za mwongozo huu, hii usiiruke. Watu wengi huchagua kitabu kwa jina la mwandishi. Mimi nachagua kwa sikio.

Chukua wanafunzi watatu wakati wa mapumziko: anayesoma vizuri, wa wastani, na anayejikwaa. Kaeni mahali pa faragha, chini ya mwarobaini au nyuma ya maktaba, asiwepo wa kucheka. Kila mmoja asome ukurasa mmoja kwa sauti, na usiwape ukurasa wa kwanza, kwa sababu waandishi huupiga pasi sana. Wape ukurasa wa katikati.

Wewe kazi yako ni kuchora kistari daftarini kila anapokwama kwenye neno, na kuandika neno lenyewe. Kwa ukurasa wa maneno kama 250, kipimo changu ni hiki. Vistari 5 au chini yake kwa yule wa wastani: kitabu kinamfaa. Kuanzia 6 hadi 10: kinafaa ukisoma nao darasani, kisiende nyumbani. Zaidi ya 10: kiache, hata kama kimeshinda tuzo.

Lakini vistari peke yake vinadanganya. Nakumbuka kijana mmoja wa Gredi ya 8, yule wa kujikwaa, alisoma vizuri kabisa sentensi iliyosema watu walijificha kwenye ukingo wa konde. Kidole chini ya mstari, hakukwama hata mara moja. Halafu akainua uso: "Mwalimu, watajifichaje kwenye konde? Konde si ngumi?" Alikuwa amesoma ukurasa mzima akiwaona watu wamejibanza kwenye ngumi. Huko kwao hakuna mtu anayeita shamba konde. Konde ni ile unayopigwa ubavuni. Ndiyo maana baada ya kusoma nawauliza maswali mawili tu. La kwanza: "Nini kimetokea hapa?" La pili: "Unadhani sasa itakuwaje?"

Jibu la la pili ndilo linalonunua kitabu. Mtoto akikuambia "sijui" huku anaangalia uwanjani, umepata jibu. Akianza kubishana na mwenzake, au akakuuliza kama anaweza kukaa nacho mpaka kesho, nenda dukani.

*Tahadhari kwa mwalimu mgeni Pwani:* hesabu na vistari vyako mwenyewe. Kuna maneno yatakayokukwamisha wewe na yasiwakwamishe wao. Dema, ngalawa, tanga, bamvua: waulize watoto wa Likoni, watakuchorea ubaoni. Usiogope kuulizia. Kipindi changu kizuri kuliko vyote kilikuwa pale mtoto wa mvuvi, ambaye hajawahi kunyosha mkono, alisimama akanieleza mimi na darasa lote samaki anavyoingia kwenye dema na kwa nini hatoki.

Hatua ya 6: Tafuta nakala

Tuseme una wanafunzi 46 na kitabu ni shilingi 500. Kila mtu na chake, na cha mwalimu: 47 mara 500 ni shilingi 23,500. Wawili wawili: 23 na chako ni 24, shilingi 12,000. Mimi napendelea wawili wawili hata pesa zikiwapo. Anayejikwaa anakaa na anayesoma, na zile shilingi 11,500 zilizobaki zinanunua kitabu cha muhula ujao. Ubaya wake ni kusoma nyumbani: itabidi wapokezane siku, na uandike nani ana kitabu siku gani.

Nenda kwa muuzaji anayetoa risiti yenye jina la duka. Hapo najua ninachosema. Niliwahi kununua nakala kwenye meza ya barabarani, kila moja imepungua shilingi mia, nikajiona mjanja. Darasani tulifika ukurasa wa 48, kijana wetu yuko chomboni, bahari imechafuka, mlingoti umevunjika. Wakafungua ukurasa unaofuata: yuko sokoni anauza maembe. Kurasa za 33 hadi 48 zilikuwa zimerudiwa, na za 49 hadi 64 hazikuwapo. Vitabu hushonwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na aliyeviiba alichanganya mafungu. Nilirudi kwenye ile meza. Meza ilikuwepo, mwenyewe hakuwepo. Kurasa 16 nilizisimulia kwa mdomo, kutoka nakala halali niliyoazima.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, kila nakala ifungue kwenye ukurasa wa 17, 33, 49, 65, uone namba zinafuatana. Angalia wino: ukififia upande mmoja wa ukurasa, huenda ni nakala ya wizi. Kunja mgongo kidogo usikie gundi inavyolia.

Mitumba ni halali na mara nyingi ni vizuri kuliko vipya, ila hakikisha chapa ni moja. Chapa mbili tofauti zina namba tofauti za kurasa, na "fungueni ukurasa wa 32" itakuwa vita. Faili za vitabu zinazozunguka kwenye makundi ya simu usizitumie. Ni wizi uleule wa ile meza, umevaa nguo nyingine. Na kutoa fotokopi ya kitabu kizima, hata kwa nia njema, sheria ya hakimiliki hairuhusu.

Hatua ya 7: Izungushie riwaya matini nyingine

Kitabu kimoja hakitoshi muhula, na vingi vya kuongezea havina bei.

Leso kwanza. Waambie kila mmoja anakili jina la leso moja ya nyumbani kwao. Utapata "Wema hauozi", utapata "Hasidi hana sababu", "Mdhaniaye ndiye siye", na kwa dakika kumi umefungua mlango wa methali, mafumbo na hata ufupi wa lugha. Waulize: mhusika wetu wa sura ya tatu ungemnunulia leso gani Biashara Street, na kwa nini? Hakuna swali la mtihani lililowahi kunipa majibu kama hilo. Lakini zipitie kwanza. Baadhi ya majina ni mipasho ya ukewenza, na unaweza kujikuta umeingia kwenye ugomvi wa nyumba ya watu.

Gazeti la *Taifa Leo* la juzi hugharimu kidogo au halilipiwi kabisa ukimuomba mtu. Kata habari fupi, tangazo, shairi. Mtaala wenyewe una kusoma kwa mapana, yaani matini ya kujichagulia, na mtoto asiyependa riwaya mara nyingi atajichagulia habari za mpira. Mwachie. Kusoma ni kusoma.

Ushairi usiuogope, na kwa heshima ya mji huu uanze na Muyaka bin Haji, aliyetunga hapa Mombasa enzi za Wamazrui. Ubeti mmoja unatosha, usiwape kumi. Mishororo minne, mizani 16 kila mmoja, nane kwa nane. Wapige makofi kwenye vina. Maneno ya Kimvita yatawashinda wa bara na kuwainua wale wa "ndia" na "mato", na siku hiyo meza inageuka.

Na mara moja kwa muhula soma wewe, wao wasikilize tu, vitabu vimefungwa. Kwa hilo mimi huchukua *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert. Lugha yake iko juu ya Gredi ya 7 ikisomwa kimya, lakini ikisomwa kwa sauti na mtu anayeipenda inakwenda. Ndugu wawili waliogeuzwa manyani hakuna mtoto asiyetaka kujua walifanya nini. Na majina yenyewe ni somo: mtu akiitwa Hasidi, unatarajia nini?

Hatua ya 8: Hifadhi

Hewa yetu ya chumvi hula pini. Kitabu kilichobanwa kwa pini za chuma kitaachia kurasa baada ya mwaka. Ukiweza chagua kilichoshonwa au kilichogundishwa. Kabati lisiguse ukuta, hasa kabla ya masika, na usifunike vitabu kwa nailoni vikiwa na unyevu. Majani makavu ya mwarobaini kwenye rafu husaidia dhidi ya wadudu. Andika namba kwenye ukurasa wa 20 wa kila nakala pamoja na jaladani, maana jalada ndilo la kwanza kuchanika.

Mambo yakienda kombo

*Wanasema kitabu kinachosha.* Kipe vipindi vitatu. Katika cha tatu soma wewe, kwa sauti za wahusika, hata kama unaona haya. Wakibaki vilevile, simulia yaliyobaki kwa dakika kumi na ufunge. Kukiacha kitabu kibaya si aibu. Kuwaburuza nacho mihula miwili ndiyo aibu.

*Nusu wamemaliza, nusu wako sura ya pili.* Waliomaliza wape kazi ya kweli: kuandaa igizo la sura moja, au kuandika barua ya mhusika kwa mamake. Usiwape kitabu kingine cha darasa, watakiharibia wenzao mwisho wake.

*Wamenunua mwongozo wa maswali na majibu badala ya kusoma.* Uliza ambalo mwongozo haujui. "Chora ramani ya kijiji, uweke kisima, shule na nyumba ya mjomba." Asiyesoma hujulikana kwa kisima.

*Mwalimu mkuu amesema pesa hakuna.* Nakala moja, koo lako, na dakika 15 kila Ijumaa. Tumia hadithi fupi, moja kwa wiki mbili. Weka kumbukumbu za mahudhurio ya Ijumaa hizo. Nambari zikipanda, zipeleke ofisini kabla bodi ya shule haijakaa kujadili bajeti.

*Mtoto wa Gredi ya 8 hawezi kusoma kabisa.* Wapo, na ni wengi kuliko tunavyokubali kwenye mikutano. Usimsimamishe asome mbele ya wenzake. Mtafutie hadithi fupi za picha, African Storybook wana za Kiswahili zisizolipiwa unazoweza kuzichapa, na mpe kisingizio cha heshima: "Nisaidie kuzichagulia watoto wa Gredi ya 3." Atazisoma zote ili achague. Mimi mmoja alinirudia na malalamiko kwamba hadithi mbili zilikuwa za kitoto mno, na hapo nikajua tumeanza kutoka.

*Mzazi amelalamika.* Msikilize amalize, kisha soma naye ukurasa wenyewe. Kama ulifanya hatua ya 4, utakuwa na la kusema. Kama hukufanya, omba radhi na ukiondoe kitabu siku hiyo hiyo.

*Nakala zimepotea.* Zitapotea. Agiza mbili zaidi tangu mwanzo, na Novemba usifanye msako wa kutisha, kwa sababu anayeogopa faini hukitupa kitabu. Weka kasha wazi nje ya ofisi, asiulizwe mtu anayerudisha. Mwaka jana kasha langu lilirudisha vitabu vinne, kimoja kikiwa cha miaka miwili iliyopita, kina alama za mafuta ya viazi karai kuanzia sura ya tano hadi mwisho.